Mashavu ya Binti Yangu

Binti yangu alitoka kwa nyanya yake Makongeni, Thika, akiwa na mashavu ya kujivunia. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Cucu, alimleta mwenyewe hadi kwetu Mugutha ili asifiwe.

"Ona vile mtoto hukaa akilishwa," aliniambia, akinitupia jicho la pembeni.

Majirani wakampongeza. Mimi nilinuna kimyakimya, maana kwangu huyo mtoto alikuwa hanenepi hata ukimbembeleza.

Asubuhi iliyofuata aliamka macho yamefura mpaka yakabaki mistari miwili. Duka la dawa likatupatia dawa ya mzio. Jioni macho yalikuwa afadhali, lakini soksi zilikuwa zimemwachia mitaro miguuni. Unene gani huu unaoshuka chini kama maji?

Kisha akaniita chooni. Kulikuwa na povu jeupe, limekataa kuisha. Huyu ni mtoto aliyewahi kumwaga sabuni ya maji humo ndani ili "kuoshea mende," kwa hivyo nilijua nimemshika.

"Sabuni yangu iko wapi?"

"Si mimi, Mum! Ni susu yenyewe, nimekojoa tu!"

Nikaenda kuangalia chupa ya sabuni. Ilikuwa imejaa.

Tulienda hospitali Ruiru, Cucu akifuatana nasi kulinda sifa zake. Daktari, mwanamke mchangamfu, alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole na shimo likabaki pale. Akaomba mkojo, akachovya kijiti chenye kipande cha rangi ya njano. Kikageuka kijani kibichi.

"Hii ni protini," alisema. "Figo ni kama chujio. Lake limelegea, protini inamwagika kwa mkojo. Ikipungua kwa damu, maji yanatoroka mishipa na kukaa kwa ngozi. Huo si mwili, ni maji."

Cucu alishtuka. "Daktari, si mimi ndiye nilikuwa nampea protini? Mayai, maharagwe, maziwa!"

"Cucu, chakula chako hakina makosa. Punguza tu chumvi."

Damu ilipopimwa, ikasema vilevile: protini imeshuka, mafuta yamepanda. Daktari akasema watoto wengi wa umri wake hupona kwa vidonge vya prednisolone, bila kukatwa popote.

"Na mtu mzima?" Cucu aliuliza, kama anayeulizia jirani.

"Mtu mzima hatubahatishi. Tunatafuta sukari, presha, magonjwa mengine, na mara nyingi tunatoa kipande kidogo cha figo kwa sindano tukiangalie."

Hapo binti yangu akaropoka: "Cucu pia miguu yake hufura! Huwa anaificha na soksi ndefu!"

Daktari akampa Cucu kichupa cha mkojo. Alikichukua, akaenda chooni, akarudi amekishika mbali na mwili kama nyoka. Kijiti kilibaki njano. Daktari akampima presha na sukari, zote zikawa sawa, akasema miguu ile ni ya kusimama kutwa sokoni akiuza viazi, aiinue akikaa. Cucu alionyesha kile kijiti hadi kwa askari wa langoni.

Vidonge vilimletea binti yangu njaa ya ajabu na uso wa mviringo. Alikula chapati zisizo na chumvi huku akinilaumu kila tonge, na siku moja nikamkuta nyuma ya tangi la maji na pakiti ya krispi za viazi zenye chumvi, za jirani. Lakini povu liliisha, na maji yakamtoka akabaki kijiti mwenyewe. Daktari alifurahi. Cucu alilalamika tumemkondesha.

Ugonjwa ulirudi mara moja, baada ya mafua. Vijiti tulikuwa navyo nyumbani, tukaona kijani kabla macho hayajafura, na vidonge vikaanza mapema. Tangu hapo mkojo ni safi. Sasa yumo katika timu ya riadha shuleni, ambako huwa wa mwisho, na anasema ni kwa sababu wale wengine wana haraka.