Gunia Lilishuka, Mimi Nikabaki Ndani

Mke wangu mwenyewe kisa hiki amekisikia juzi tu, na tumeoana miaka yote hii, basi mjue aibu yake ilikuwa ya namna gani.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea kuisha, narudi nyumbani mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja ya kupika hotelini Nairobi, na nilipopanda lile gari la moshi dogo la kutoka Gilgil kwenda Ol Kalou machozi yalinilenga, maana viti vilikuwa vile vile vya mbao na kuku wale wale chini ya miguu ya watu.

Zamani, kwenye mlima ulio karibu na shamba alikofanya kazi mama, gari lilikuwa likichoka mpaka linatembea kama ng'ombe mwenye mimba, na hapo ndipo sisi wa kambi ya wafanyakazi wa shamba tulikuwa tukirukia (unatupa mzigo kwanza, viatu ukiwa navyo vimo ndani, kisha unafuata), kwa sababu stesheni iko maili tatu mbele na nani atarudi kwa miguu? Nikaamua kushukia hapo. Mama mmoja mwenye viazi akanionya kwamba siku hizi halipunguzi mwendo, wameleta injini kubwa. Nikamjibu kwa maringo kwamba reli hii naijua tangu sijaota ndevu. Nikavua viatu vyangu vipya, nikavitia guniani pamoja na blanketi nililomnunulia mama, nikalitupa.

Gari likapanda mlima likipiga mluzi, wala halikupunguza.

Behewa zima lilicheka (yule wa viazi alijifuta machozi kwa leso). Nikajifariji kwamba stesheni hakuna anijuaye. Kumbe mama alipata barua yangu, akatembea maili zote tatu na kina mama wa kanisa, wamekuja kumpokea kwa nyimbo mwana wa Nairobi, naye mwana wa Nairobi akashuka na suti na tai, miguu wazi, mikono mitupu. Wimbo ukakatika.

Nilitamani kurudi ndani. Miaka yote ile nilikuwa nangoja nipate cha kumwonyesha, na hicho chenyewe kilikuwa kimelala majanini. Mama akanitazama miguu, kisha uso, akanishika mkono.

"Afadhali," akasema. "Ulitoka hapa miguu wazi. Nilikuwa naogopa ukija na viatu sitakujua."

Tukarudi tukifuata reli, mimi nachechemea kwenye kokoto, yeye ananisimulia nani amekufa na nani amezaa. Gunia tulilipata, blanketi limeloa. Na tangu siku hiyo sikungoja tena niwe na cha kumpelekea ndipo niende kumwona.