Nyumba Niliyoitia Msalaba

Nimefundisha jiografia miaka kumi na minane, na kila mwaka huwaanzisha wanafunzi wapya kwa ramani ya njia ya kwao, kutoka lango la shule mpaka mlangoni pa mama yao. Huwa nawafokea wakichora vilima ambavyo havipo. Chora ulichokiona, nawaambia, si ulichokisikia. Maneno hayo nimeyasema kwa ukali mwingi, na siku hizi nikiyakumbuka naona haya.

Kijiji chetu kiko kati ya Alupe na Malaba, karibu na mto unaotutenga na Uganda. Kwenye ramani ya ukutani mpaka ni mstari mwekundu. Kwetu ni mahali pa kuvuka ukienda kuuza mihogo, kuoa au kuzika. Ukimuuliza mtu wa hapa anaishi wapi, naye atakuuliza unamaanisha siku gani. Wanaohesabu watu hawalipendi jibu hilo.

Mwaka uliopita, kabla ya mvua, kukaja mpango wa kugawa vyandarua na kuwatembelea wagonjwa majumbani. Ramani iliyokuwapo haikuwa na hata nusu ya nyumba zetu, kwa hiyo akatumwa mchoraji ramani, msichana kutoka Nairobi, nami nikaombwa nimtembeze. Kazi haikuwa ngumu. Nyumba yenye watu ilitiwa duara na namba, na isiyo na mtu ilitiwa msalaba. Penye duara, mhudumu wa afya wa kijiji angefika. Penye msalaba angepita tu.

Sitaficha kwamba nilifurahi. Yule msichana alikuwa na simu inayomwonyesha mahali aliposimama, lakini kijiji kilikuwa kichwani mwangu. Kila boma nilimweleza kabla hatujalifikia: nani alijenga, nani aliuza, nani yuko Kampala. Nadhani alikuwa amenichoka kufikia siku ya pili, ila alikuwa na adabu.

Siku ya tatu, yapata saa nne asubuhi, tukafika kwenye boma la mjane niliyemfahamu tangu utotoni. Mumewe alikuwa fundi wa baiskeli, na mama huyu alikuwa akinipa viazi vitamu nikitoka shule. Baada ya mazishi ya mumewe, binti yake aliyeolewa Tororo alimchukua, na sote tulijua kwamba amehamia huko. Kaburi lilikuwa mbele ya nyumba, limemezwa na nyasi. Mlango ulikuwa umefungwa. Uwanja haukuwa umefagiliwa, majani makavu yamelala hadi kizingitini. Kwetu mwanamke hushika ufagio kabla hajashika sufuria. Ukiona uwanja haujaguswa mpaka saa nne, huna haja ya kuuliza mtu.

Yule msichana akasimama. "Mwalimu, si tupige hodi kwanza?"

"Hapa hakuna mtu," nikamwambia. "Huyo mama alienda Uganda kitambo. Mimi ni wa hapa."

Akatia msalaba. Hata hatukuondoka mara moja, maana nilisimama palepale uwanjani nikimsomesha. Nilimweleza jinsi wajane wetu wanavyoishia kwa mabinti zao, na kwamba watu huhama kwa sababu zinazowasukuma na sababu zinazowavuta, na kwamba nyumba ile ilikuwa mfano mzuri. Nilieleza vizuri kweli. Kisha tukaenda boma la pili.

Vyandarua vikaja, vikagawanywa kwa kufuata ramani. Mvua zikanyesha, na mbu wakaja nazo. Wiki kadhaa baadaye mhudumu wa afya, mama jirani yangu, alikuja kunitafuta shuleni. Ng'ombe wake alikuwa amekata kamba akakimbilia boma lile, naye alipomfuata akasikia mtu akigumia ndani. Mjane alikuwa amerudi kutoka Tororo zamani. Hakuwa amegombana na bintiye. Alikuwa amesema tu kwamba hataki kufia mbali na kaburi la mumewe. Mgongo ulikuwa umemshinda, hawezi kuinama kufagia. Bintiye alikuwa akivuka mto kila Jumamosi kumletea chakula, akipita njia ya nyuma, ila Jumamosi mbili za mwisho alikuwa ameshikwa na uzazi. Na sasa malaria ilikuwa imemlaza mama wa watu siku tano.

"Kwa karatasi yangu hiyo nyumba iko na msalaba, mwalimu," mhudumu akasema. "Mimi nafuata karatasi."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, maana ningepata mtu wa kujibizana naye. Mgeni asiyejua lolote kuhusu sisi alitaka kupiga hodi, na mimi mwenyeji ndiye niliyemzuia. Asingekuwa na mimi, mama yule angepata chandarua.

Kesho yake nilikwenda kumwona hospitalini alikokuwa amepelekwa. Alikuwa amelala kwa ubavu, amekuwa mdogo hata shuka halikuonyesha kama kuna mtu chini yake. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, yakanipotea yote, nikasema tu anisamehe, sikujua kwamba yuko.

"Nilikuona kwa dirisha," akasema. "Wewe na huyo msichana. Nikasema karibu. Nikasema tena karibu."

Nikamwambia sikusikia.

"Ungesikia aje, mwanangu? Ulikuwa unamwambia habari yangu."

Hakusema kwa hasira. Akafumba macho, nami nikabaki nimeshika mkono wake mpaka muuguzi aliponiambia muda wa wageni umekwisha.

Alifariki siku ya tatu. Bintiye alivuka na kichanga mgongoni, na tukamzika mama kando ya mumewe kama alivyotaka, uwanja umefagiliwa na majirani tangu alfajiri. Ulipofika wakati wa kumzungumzia marehemu, mwendeshaji wa shughuli akaniita mbele, akasema mwalimu anaijua historia ya boma hili kuliko mtu yeyote. Watu wakageuka kunitazama. Nilitikisa kichwa, nikabaki nimesimama nilipokuwa.