Spika ya Jikoni

Hebu fikiria kaunta ya fundi wa redio mjini Migori. Bwana mmoja kutoka Macalder amesimama hapo, kofia mkononi. Alikuwa amejivutia waya kutoka sebuleni hadi jikoni, akafunga spika kuukuu kila upande na betri ya gari, ili aagize chai bila kuinuka. Sasa alitaka swichi ya kuizima.

"Inasumbua?" fundi akauliza.

"Haisumbui, omera. Inasikia kupita kiasi. Jana nilimwambia ndugu yangu kwamba mama mkwe amekaa sana kwangu. Kumbe yuko jikoni."

"Akasemaje?"

"Alizima moto. Leo anafunga mizigo, na mke wangu anafunga yake."

"Si umwombe msamaha?"

"Nimkabili mama mkwe uso kwa uso? Kwetu ni mwiko."

Fundi alimtazama kwa upole. "Na ule waya umekatika?"

Bwana yule alivaa kofia taratibu, akaondoka bila swichi.

Wiki iliyofuata nilimkuta akinunua waya zaidi. "Mama mkwe alisikia msamaha wangu, sasa anataka spika chumbani kwake," alisema.

Wasomaji wangu, tafadhali kumbukeni jambo moja: spika inayokusikia ukiagiza chai hukusikia pia ukimsema aliyeipika.