Uso wa Tryphosa Ukutani Daraja Mbili

Mokeira ana ndoto nyingi mno kwa mtu mwenye mikono michafu namna ile. Ukitembea naye mjini Kisii utajikuta unaongea peke yako. Yeye amebaki nyuma, amesimama mbele ya ukuta mtupu, anamtazama mtu ambaye wewe humwoni bado. Rangi zake hanunui dukani. Huchota udongo mwekundu kwao Nyamira, mweupe kando ya mto, na masizi jikoni kwa watu, kisha huchanganya na gundi, kidogo kidogo, vile bibi yake alivyomfundisha kukandika kuta. Bibi huyo aliitwa mchawi akafukuzwa kijijini Mokeira akiwa darasa la tano, na alifia ugenini. Mtoto aliyekuwa akimshikia ndoo ya udongo hakusema neno siku ile. Sasa anakaribia miaka arubaini, na bado anachora nyuso za vikongwe.

Ndiyo maana alipomkuta Tryphosa katika soko la Daraja Mbili, akikunja mashati nyuma ya kibanda cha mitumba cha Mariam, alihisi kwamba alishawahi kumwota. Tryphosa alikuwa mjane wa kijiji cha Nyacheki, hana mtoto. Mwaka uliotangulia mtoto wa jirani aliugua, na Ochoki, mwana wa shemeji yake, akasimama mbele ya watu akasema anamjua aliyemroga. Nyumba ya bibi yule ikachomwa. Alitoroka na leso moja. Mariam, ambaye si wa ukoo wake wala si wa dini yake, ndiye aliyempa kitanda.

"Magokoro, unataka nini?" Mokeira alimuuliza, akimwita bibi kwa lugha yao.

"Nataka kulala kwangu," Tryphosa akajibu. "Nisikie mvua ikipiga majani chai. Huku inapiga mabati tu."

Hakutaka zaidi ya hapo.

Mariam aliwaombea ukuta wa ghala lililokuwa nyuma ya kibanda chake. Mokeira akaenda Nyacheki alfajiri, ukungu ukiwa mzito hata mashamba ya chai yalionekana kama yanaelea, akachota udongo na majivu palipoungua. Majivu ndiyo yaliyokuwa nywele za Tryphosa. Udongo ukawa mashavu. Alichora wiki mbili, na siku nyingine alisahau kula, akisikia mtu akimwimbia kutoka ndani ya ukuta. Wanawake wa sokoni walianza kuja mmoja mmoja. Hawakusema shida zao. Walichovya kiganja katika udongo, wakakibandika ukingoni mwa picha, wakasimama kidogo, wengine wakalia, kisha wakarudi kuuza nyanya. Hiyo ndiyo dawa ya Mokeira, wala haina chupa.

Mwisho Tryphosa akaomba jina lake liandikwe, na mwaka wa kuzaliwa pia, kwa kuwa aliujua, ilhali wenzake wengi hawakujua wa kwao. Mokeira akaandika kwa herufi kubwa: TRYPHOSA WA NYACHEKI, 1948.

Hapo ndipo ndoto ilipomponza. Nani Kisii asiyejua maana ya picha kubwa yenye jina na mwaka, kama ya tangazo la msiba? Siku ya soko wauza ndizi kutoka Nyacheki waliinua macho, wakashusha vikapu, wakashika vichwa. Jioni kijiji kizima kilikuwa na habari: omong'ina, yule bibi mzee, amefariki.

Siku ya tatu pikapu ilisimama kando ya soko. Ochoki akashuka na wanawake watano, wote wakilia. Usishangae. Walimfukuza akiwa hai, lakini maiti walimwogopa, maana mtu wako akizikwa ugenini laana yake huwatafuta hata wajukuu. Ochoki alijitupa chini ya ukuta.

"Mama yetu! Hukumdhuru mtu! Ulinilisha kwa mikono yako! Nani alikusingizia?"

Swali zuri, na soko zima lilikuwa likimtazama mwenye jibu.

Mokeira alikuwa amesimama kando na brashi mkononi. Alielewa alichokuwa amefanya, na aliogopa sana: amemuua bibi wa pili, safari hii kwa rangi. Ochoki akamgeukia Mariam. "Yuko mochari gani? Kaburi tumechimba, upande wa kushoto, wanakozikwa wanawake. Na nyumba tumejenga jana, maana hawezi kuzikwa pasipo nyumba."

Makoti yaliyotundikwa yakatikisika. Tryphosa akatokea katikati yake, shati nusu limekunjwa mkononi. Wanawake wakapiga ukemi. Mmoja alikimbilia kwenye viazi.

"Ochoki," akasema taratibu, "umesema mmenijengea nyumba?"

Ochoki alikaa pale pale chini.

"Na umesema sikumdhuru mtu. Watu hawa wote wamesikia. Basi nipeleke."

Maji yakimwagika hayazoleki. Ochoki alitazama viganja vilivyouzunguka uso ule, akatazama wenye viganja, nao walikuwa wamemzunguka. Akasimama, akafungua mlango wa pikapu.

Mokeira na Mariam walikwenda naye. Nyumba ilikuwa ndogo, ya mabua na matope mabichi, imesimama pale pale penye majivu, na kaburi kando yake. Kwa desturi kaburi tupu halifukiwi hivi hivi, hulazwa humo shina la mgomba badala ya maiti. Wanakijiji wakaja na shina lililokatwa. Tryphosa akalikataa. Akataka chipukizi lenye mizizi, likapandwa humo. Mokeira alichanganya udongo, akaanza kukandika ukuta, na alisikia tena ule wimbo. Safari hii ulikuwa ukitoka mdomoni mwake mwenyewe, na machozi yakamdondoka kwenye ndoo. Ukungu ulishuka hadi mlangoni.

Tryphosa aliingia ndani, akazunguka mara moja, akatoka akiwa amekunja uso.

"Hamkuweka jiko," akamwambia Ochoki.

"Mama, tulijua..."

"Mlijua sitapika. Nenda uniletee mafiga matatu."

Ochoki akateremka mtoni. Alileta jiwe la kwanza amelikumbatia kifuani, akaliweka chini miguuni pa Tryphosa, akarudi kufuata la pili.