Shemeji na Mizani ya Pareto

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, kule milimani juu ya Kebirigo, maua ya pareto ndiyo yaliyolipa karo. Kifungua mimba wangu alikuwa anangoja kuingia sekondari, kwa hiyo kila nilipopeleka gunia kwenye chama cha ushirika niliukodolea macho mshale wa mizani. Karani alikuwa na mazoea yake: mshale haujatulia, yeye keshaandika. Na hakuwahi kukosea kwa faida yangu.

Uchaguzi wa mwenyekiti ulipokaribia akatokea shemeji yangu, mtu wa ukoo wa mume wangu, fundi cherehani mwenye sauti ya kuamsha mlima wa pili.

"Nani anawaibia?"

"Mizani!"

"Nikishinda naitupa mtoni! Gunia litalipwa kama gunia!"

Tulipiga vigelegele, mimi wa kwanza.

Tangu hapo hakuna aliyeshindilia maua. Tuliyamimina taratibu kama tunalaza mtoto, magunia yakavimba, yakangoja uchaguzi nyumbani. La mama mkwe ungedhani limejaa manyoya ya kuku. Hapo nikapiga hesabu, nikairudia. Kiwanda kinachonunua maua yetu hakikuwa na shemeji, kingepima. Hewa yote hiyo nani angeilipia? Karo yangu.

Siku ya soko shemeji akaja kwenye ndizi zangu, watu wamemfuata. Akainua mkungu, akaushusha, akainua mwingine.

"Huu mwepesi, shemeji. Punguza bei."

"Mkungu utalipwa kama mkungu, shemeji."

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, ila maneno hayakumwishia. "Sawa. Lakini karani anaiba au haibi?"

"Anaiba," nikasema. Ningekataa, nani angenunua ndizi zangu tena?

Siku ya uchaguzi, kabla hatujapanga mistari nyuma ya wagombea, mama mkwe akaomba kusema.

"Mashamba tunalimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Kwenye egesangio hiyo ya kulimiana nani hulala akaachwa? Basi mizani nayo tuilinde kwa zamu, wawili wawili. Na karani asiandike mpaka uzito utangazwe."

Mikono ikapanda. Wa shemeji ulipanda mwisho, baada ya kuchungulia ya wenzake.

Kisha tukapanga mistari. Nilihesabu mara mbili, na shemeji akashinda mara zote mbili. Mimi nilikuwa mstari mwingine, na aliniona.

Zamu ya kwanza ikamwangukia yeye mwenyewe. Gunia la kwanza likawa la mkewe, limevimba vizuri. Mshale ukapanda kidogo tu, ukatulia. Shemeji akautangaza uzito kwa sauti ileile ya kampeni. Ng'ambo ya mto walisikia. Mkewe akamtazama kama mtu ambaye jioni atapika akipenda.

Likaja langu, nimelishindilia kwa ngumi. Akalitangaza.

"Rudia," nikamwambia.

"Shemeji, mlima mzima umesikia!"

"Rudia. Ni karo hiyo."

Akarudia. Ndipo karani akaandika.