Jina la Mama Halikuwemo Kwenye Orodha

Mwezi uliopita timu yangu ya hoki ya barafu ilishuka kutoka kaskazini kuja kucheza Stockholm. Tulishinda. Nilifungwa goli moja tu, na hilo moja lilikuwa bado linanitafuna nilipotoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nywele zikiwa mbichi. Kwenye ujia alikuwa amenisubiri mwanamume mmoja na binti yake mdogo. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa kiongozi wa timu yetu ya watoto nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Kocha alikuwa mwingine. Yeye alikuwa yule mzazi anayeshika ratiba, funguo na orodha. Akaniwekea mkono begani, akamwambia binti yake kwa Kiswidi: "Huyu ni wetu. Sisi ndio tuliomlea." Kisha akanigeukia akicheka. "Na ile mikate ya mama yako? Watu bado wanaizungumzia."

Nikatabasamu. Nikatia sahihi kwenye kofia ya mtoto. Nikasema asante. Nimeiandika aya hii mara tisa, rafiki yangu, na kila nikifika hapa naona aibu ileile, kwamba nilisema asante.

Basi nikusimulie hiyo mikate.

Tuliishi Rågsved, pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya nne, mimi na mama. Jumamosi za majira ya baridi zilianza kwa mlio wa mafuta jikoni, nje kukiwa bado giza. Unga ulikuwa umelala kando ya rediata ya kupasha chumba joto, umefunikwa kwa kitenge kikuukuu, na asubuhi ulikuwa umeumuka hadi kukiinua kile kitenge. Harufu ya kungumanga ilipita chini ya mlango wangu. Wakenya wa jengo letu waliita mandazi. Mama, mtu wa Uvira huko Kongo, aliita mikate, basi na mimi nikaita mikate. Nikiisikia harufu ile nilijua siku ya mechi imefika.

Nilikuwa golikipa kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kusimama pale. Klabu haikuwa na mtu wa kuwafundisha magolikipa, kwa hiyo nilijifundisha. Nilitazama video kwenye simu ya mama, nikiisimamisha picha baada ya picha ili nione goti limeshuka lini. Kisha nilishuka kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, nikaupiga mpira wa tenisi ukutani na kuudaka, hadi mkono wangu wa kushoto ukajua njia peke yake. Nilikuwa na daftari. Humo niliandika kila goli nililofungwa: kile kisahani cheusi tunachopiga badala ya mpira kilipita wapi, mguu wangu ulikuwa wapi, kosa langu lilikuwa lipi. Katika daftari lile hakuna goli ambalo halikuwa kosa langu.

Jirani wa ghorofa ya pili, Mtanzania dereva wa basi, alikuwa akinikuta kwenye chumba cha kufulia, akiwa na kapu lake la nguo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, kipa. Jumamosi umefungwa ngapi?"

"Tatu."

"Tatu ndiyo unanunia ukuta? Mimi abiria wananifunga hamsini kwa siku, na kesho naendesha."

Alikuwa mtu pekee aliyeweza kunichekesha kuhusu hoki.

Sasa, orodha. Katika klabu za watoto za huku, wazazi ndio wanaoendesha kibanda cha chakula kwenye ukumbi wa barafu: soseji, kahawa, mikate ya mdalasini. Karatasi hubandikwa mlangoni, na kila mzazi huandika jina lake mbele ya tarehe. Nilimweleza mama jambo hilo vizuri kabisa. Nataka ulijue hilo, kwa kuwa kwa miaka mingi nilijilaumu kwamba labda nililieleza vibaya. Alinisikiliza huku akigeuza mikate kwa uma.

"Banaandika majina juu ya kusaidia?"

"Ndiyo," nikamjibu kwa Kiswidi, kama kawaida yangu. "Kila mtu anaandika."

"Mashine ya kufua ndiyo inaandikiwa zamu, juu mashine ni mbili. Mutu, hapana. Mutu akiona kazi, anaingia."

Ndivyo alivyolelewa. Kwenye msiba wa Wakongo, hata hapa Stockholm, hakuna anayekupangia sufuria. Unafika, unavua koti, unachukua kisu, unamenya vitunguu karibu na yeyote aliyekaa. Anayeuliza afanye nini anaonekana mgeni. Anayetangaza jina lake kabla ya kufanya anaonekana anatafuta sifa. Bibi alikuwa na neno lake, alilolirudia kila alipotupigia simu: mkono unaosaidia haupigi hodi.

Kwa hiyo mama aliingia. Kila Jumamosi, tangu vuli, alipanda treni na ndoo nyeupe ya mikate na chupa mbili za chai ya tangawizi. Alisimama nyuma ya kaunta ya kibanda bila kuitwa. Alifuta meza, akasugua birika la kahawa, akawagawia mikate watoto wa timu zote mbili, maana kwake hakukuwa na mtoto mpinzani. Na wale waliokuwa wameandika majina yao kwenye karatasi? Walipomwona mama yupo, walipanda jukwaani kukaa na blanketi zao. Baada ya mechi walirudi kuweka alama ya vema mbele ya majina yao, kwamba zamu imefanyika. Wakiwa jukwaani nilikuwa nawaona kutoka golini. Golikipa huona uwanja wote.

Mwishoni mwa Januari kulikuwa na mashindano ya wikendi moja, nje ya jiji. Huko ndiko walikokuja watu wa kuchagua watoto wa timu ya jiji, na walikuja mara moja tu kwa mwaka. Kwa mtoto wa Rågsved hakukuwa na mlango mwingine, au mimi niliamini hivyo, na kuamini kulitosha kuninyima usingizi. Nafasi za safari zilikuwa chache. Kiongozi wa timu akaamua kwamba watoto ambao wazazi wao wamefanya zamu za kibanda ndio watangulie. Akabandika karatasi. Mbele ya jina langu palikuwa peupe.

Nilimfuata nikiwa bado nimevaa magodoro ya kukinga miguu.

"Mama yangu yuko hapa kila Jumamosi," nikamwambia.

"Najua, na tunashukuru sana. Lakini hajajiandikisha hata mara moja. Lazima tuwe wa haki kwa wote." Halafu akainama kidogo, sauti ikawa laini. "Mwambie wewe. Ni rahisi akisikia kutoka kwako."

Fikiria, rafiki yangu. Mtu mzima mwenye mdomo na miguu, mama yangu akiwa hatua kumi tu kutoka pale, anakausha vikombe vya watu, naye anamtuma mtoto akamwambie mama yake kwamba kazi yake haionekani. Kocha alikuwa karibu, akisikia. Kila mtu alimsifu kocha kwamba ni mtu mwema. Alitazama kamba za viatu vyake vya barafu, akaanza kuzikaza upya. Wema wa namna hiyo nimekutana nao mara nyingi tangu niifanye hoki kuwa kazi, na siku hizi siuiti tena wema.

Nilikwenda kwa mama.

"Banasema nini?"

"Wanasema asante," nikamjibu. "Mikate imewapendeza."

Akafurahi, ndiyo sehemu ninayoshindwa kujisamehe. Wiki nzima sikumwambia. Nilijidanganya kwamba golikipa wa pili, aliyejiunga nasi vuli ile, ataugua, kwamba kiongozi wa timu atalala na kuamka na haya. Asubuhi ya safari mama aliamka mapema kuliko siku zote, akakaanga mara mbili ya kawaida. Njia ni ndefu, alisema, watoto watasikia njaa. Nikabeba begi langu lenye vifaa vyote, yeye akabeba ndoo, tukaenda hadi kwenye maegesho ambako basi lilikuwa linanguruma.

Kiongozi wa timu alisoma majina mlangoni mwa basi. Watoto wakapanda mmoja mmoja. Alipomaliza, akamwona mama, na mama akamnyooshea ndoo kwa mikono miwili. Akaipokea. Akasema asante, akapanda nayo, mlango ukafungwa.

Niliona mgongo wa mama ukielewa. Basi lilipokata kona ndipo aliponigeukia.

"Weye ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakunigombeza. Tulikuwa tumeshakaa kwenye treni, begi langu limeziba njia na watu wanaliruka, aliposema: "Ningeandika, mutoto yangu. Kuandika ninajua."

Ndoo ilirudi wiki iliyofuata, imeoshwa vizuri.

Mwaka uliofuata nilihamia klabu ya wasichana upande wa Hallonbergen, na miaka ikapita, na nikasaini mkataba wangu wa kwanza. Usidhani ni maisha ya fahari. Asubuhi nafanya kazi kwenye chekechea, mchana nasimama golini, na daftari la makosa bado ninalo, sasa ni la kumi na moja. Nafasi waliyoninyima niliipata kwa njia nyingine. Wakitaka kujisifu kwamba walinilea, sina nguvu ya kwenda mlango kwa mlango kukanusha.

Lakini yule mwanamke aliyekuwa akivua koti na kuingia, huyo hayupo tena, na hilo sitalinyamazia. Jirani yetu Mtanzania aliliona kabla yangu. Ilipofika arusi ya mwanawe, mama alimuuliza mara tatu kama kweli anaruhusiwa kuja jikoni, naye akaniambia pembeni, bila mzaha kwa mara ya kwanza: "Mama yako wamemfundisha nini huko kwenye barafu?"

Majuzi mwanamke mmoja wa kanisani, anayekaa Bredäng, alifiwa na mumewe. Nilikuwa nimekuja nyumbani kwa mama. Mama alikuwa ameshavaa koti, amekaa ukingoni mwa kiti, simu sikioni.

"Nauliza, kuna orodha?" alisema. "Nijiandikishe siku gani?"

Nilimsikia mfiwa upande wa pili akicheka, kicheko cha upole, cha mtu aliyelia sana. "Orodha ya nini, dada? Kuya tu, ingia."

Mama akacheka naye kidogo, kisha akauliza tena.