Onyo kwenye Simu ya Fundi

Dada yangu ni fundi wa nguo za kike, na ukitaka kumjua mtazame anapopima. Hakwambii uinue mkono. Anakugusa kiwiko kidogo tu na mkono unainuka wenyewe. Vipimo haandiki kwa majina. Daftari lake limejaa "Koti la Kijivu", "Mama Pacha", "Anayecheka". Ukimuuliza huyo Anayecheka ni nani, atakujibu kwamba ni mteja, basi. Mimi, mdogo wake wa kike, nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na mmoja, natia vifungo na kukunja pindo, na sijawahi kumsikia akitaja kiuno cha mtu. Dada ana kifua. Mimi sina, na mtaa mzima unalijua hilo. Wateja salamu wananipa mimi, siri wanampa yeye.

Ndiyo maana Mwalimu alimjia. Aliingia na shali mabegani, akafunga mlango kwa mkono wake, akasema hospitali wamemtoa ziwa la kushoto. Shuleni alikuwa ameaga kwamba anakwenda kozi ya miezi mitatu, na sasa amesharudi kazini. Hakuna aliyejua, hata walimu anaokunywa nao chai.

"Sitaki kuonewa huruma," alisema. "Nikionewa huruma sitaweza kufundisha."

Alitaka blauzi tano zinazokaa sawasawa, upande mmoja umetiwa sponji, ili siku ya mkutano wa wazazi asimame mbele bila shali. Dada akamwomba ampige picha mbili kwa simu, akiwa na sidiria, moja ya mbele na moja ya ubavuni, ili asimsumbue kuja kujaribisha kila mara. Mwalimu aliinama akafikiri sana.

"Mimi na wewe tu," akasema.

"Mimi na wewe, Mwalimu."

Mimi nilikuwepo lakini sikuhesabiwa, wala sikuona vibaya.

Sasa, sisi tunatumia waifai ya saluni ya jirani. Ukuta wetu ni mmoja, na Mama Saluni ana kelele lakini hana choyo. Fundi wa mitandao aliyemfungia kile kisanduku chenye taa aliweka utaratibu kwamba simu isiyoandikishwa haiingii. Ya dada iligoma mara mbili, fundi huyo akabonyeza kitu kwenye simu, ikaingia. Tukashukuru na kuendelea na kazi.

Jumanne asubuhi dada alikuwa anatafuta mtindo wa kola na mtandao unasuasua. Akaingia kwenye mipangilio. Chini ya jina la mtandao wa saluni palikuwa na maneno: onyo la faragha. Akabonyeza, yakaja mengine, kwamba anwani ya faragha imezimwa na simu yake inaweza kufuatiliwa.

"Hebu nisomee," akaniambia, ingawa yeye anasoma vizuri kuliko mimi.

Nikamsomea. Nikamwambia simu zina maneno mengi, juzi yangu iliniuliza kama nimekunywa maji. Hakucheka.

"Inafuatiliwa na nani?"

"Haijasema."

"Na zile picha zimo humu."

Hapo nikaelewa. Dada akazima simu. Akaitia ndani ya kopo la vifungo, kopo akalitia kwenye droo, droo akaifunika na vitambaa. Baada ya dakika tano akaitoa, akaiwasha aone kama onyo limeondoka. Lilikuwepo. Akairudisha koponi. Akashona mkono wa gauni nje ndani, kosa ambalo sijamwona akilifanya tangu nimjue. Alipoanza kuufumua akakata hadi kitambaa chenyewe, nikamnyang'anya mkasi.

Nikampigia fundi wa mitandao kwa simu yangu. Alikuwa juu ya paa la watu. "Hilo si la kutisha," akasema, "msibonyeze kitu, nakuja saa tisa." Nikamweleza dada neno kwa neno. Unajua alisikia nini? Alisikia "msibonyeze kitu".

"Kwa nini tusibonyeze? Basi kuna jambo."

"Dada, amesema si la kutisha."

"Hata wagonjwa wanaambiwaga hivyo hivyo."

Ilikuwa saa saba na nusu. Saa moja na nusu tu tungengoja, nami nilidhani tunangoja. Akainuka ghafla, akachukua simu, akatoka. Nilimfuata na sindano bado imechomekwa kwenye kola yangu.

Saluni ilikuwa na wanawake watatu chini ya draya na mmoja kwenye beseni. Mama Saluni alikuwa anasuka. Dada akasimama katikati na simu ameibana kifuani.

"Jirani, nakuuliza, na unijibu ukweli. Umeziona?"

"Nimeona nini?"

"Picha. Simu imeniambia nafuatiliwa, na waifai ni yako. Kama umeziona niambie tu, sitagombana na wewe."

"Fundi, mimi hata sijui hiyo waifai inawashwa wapi. Picha za nani?"

Nikamvuta gauni kwa nyuma. Alikuwa kama hana mgongo wa kuhisi.

"Za Mwalimu," akasema. "Mtu amepita kwenye kisu, ziwa limeondoka, ameniamini nimpige picha, na sasa mimi nitamwambia nini?"

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Niliuona uso wake ukiyasikia. Mwanamke mmoja alikuwa ameinua kofia ya draya ili asipitwe.

"Mwalimu yupi?" akauliza. "Yule wa darasa la mwanangu? Aa, kumbe ndiyo ile shali."

 Nilimshika dada mkono nikamtoa.

Fundi wa mitandao alifika saa tisa kamili, magoti yamejaa vumbi, akakalia kigoda cha wateja na kutueleza taratibu. Kila simu ina namba yake ya kuzaliwa nayo. Kwa kawaida inaificha, inatoa nyingine kwa kila mtandao, kama mtu anayetaja jina tofauti kila duka analoingia. Kwenye mtandao wa saluni yeye ndiye aliyezima ule ufichaji, maana kisanduku kinataka kukuta namba ileile kila siku. Kwa hiyo simu inamkumbusha dada kwamba hapa anajulikana ni yeye, saa aliyoingia na saa aliyotoka.

"Na picha?" dada akauliza.

"Picha zimekaa ndani ya simu. Onyo hili halisemi kwamba kuna mtu anaweza kuziona. Hakuna aliyeziona, labda uzitoe mwenyewe."

Dada akakaa chini. Angelia ningejua la kufanya. Fundi wa mitandao alipoondoka nilishindwa kujizuia, nikamwambia angengoja, saa moja na nusu tu angengoja.

"Niliogopa nimemwangusha," akasema.

"Ulikuwa hujamwangusha bado."

Neno hilo nililisema mimi, na ningeweza kulirudisha kinywani ningelirudisha.

Siku tatu zilizofuata alishona hizo blauzi kama aliyewekewa adhabu. Kila mlango ulipolia aliinua kichwa. Usiku sijui, lakini asubuhi macho yake yalikuwa mekundu na chai yake nilikuwa namwaga mimi, haijaguswa.

Jumamosi Mwalimu alikuja. Hakuvaa shali.

"Mwalimu, nina jambo la kukwambia," dada akaanza.

"Nimeshalijua, Fundi. Jana kwenye chumba cha walimu walinivutia kiti. Miaka kumi na minne nipo pale, hakuna aliyewahi kunivutia kiti. Na mama wa mwanafunzi alinipokonya mkoba mlangoni, eti nisibebe kizito."

Dada akamweleza onyo, kopo la vifungo, fundi juu ya paa, vyote vikamtoka vipande vipande. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mtoto aliyechelewa shule.

"Simu ilikuonya wewe," akasema. "Mimi wa kunionya alikuwa nani?"

Dada akatoa simu. Alifuta zile picha mbele yake, akafuta na kule zinakokaa zikishafutwa, akamwonyesha kioo cha simu, kitupu. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Akachukua blauzi ya kwanza, akatazama pazia la kujaribishia.

"Naomba mdogo wako ndiye anivishe."

Nikaingia naye mimi, nisiye na kifua, nikavuta pazia. Nilimfunga vifungo nilivyovitia mwenyewe. Blauzi ilikaa. Kushoto na kulia, huwezi kutofautisha. Mwalimu akajitazama kiooni muda mrefu, na mimi nikatazama sakafu.

Nyuma ya pazia dada akauliza, kwa sauti ya chini, kama anavyomuuliza kila mteja: "Bega la kushoto linavuta?"

 Nikangoja, labda Mwalimu angejibu. Alikuwa ananitazama kiooni.

"Halivuti, dada," nikasema mimi.